Nataka kusomea elimu maalumu, lakini mdogo wangu nitamwacha na nani?

Shikamoo Anti,

Natumaini u mzima wa afya. Naomba jina langu usilitoe, maana huku kwetu Rungwe tunajuana ukoo kwa ukoo.

Mimi ni binti wa miaka 23. Nilimaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa HGL (historia, jiografia na Kiingereza) nikapata daraja la pili. Tangu hapo sijaenda chuo. Mwanzoni hela haikuwepo, na sasa imepatikana ndipo ugomvi umeanza.

Nyumbani tumezaliwa watatu. Kaka yangu mkubwa ni dereva, yuko Tunduma. Mimi ni wa kati. Kitinda mimba ni mdogo wangu wa kiume, ana miaka 16, na ana mtindio wa ubongo. Mama alishikwa na uchungu usiku wa mvua, usafiri ukakosekana mpaka alfajiri, na mtoto alipozaliwa hakulia. Hatembei, hawezi kukaa bila kuegemezwa, na mikono yake imekaza, wa kushoto zaidi. Ana kifafa pia, anatumia dawa. Maneno anayotamka ni machache na wageni hawayashiki, lakini Anti, huyu mtoto anaelewa kila kitu. Ukimwuliza jambo, akikubali anatazama juu, akikataa anafumba macho na kuyabana. Mpira ukitangazwa redioni humwondoi hapo mpaka dakika tisini ziishe, na Yanga wakifungwa, usiku huo chakula hali.

Mimi ndiye ninayemwogesha, ninayemlisha jioni na kumgeuza usiku. Zamani alifanya mama, lakini mgongo umemshinda. Mtoto amekuwa mrefu kuliko mimi, na mama akimnyanyua kutoka kitandani, siku ya pili yeye ndiye anayelala.

Shule hakwenda. Alipofikisha umri, shule ya karibu walisema hawana mwalimu wa watoto wa namna yake. Shule yenye kitengo cha elimu maalumu ilikuwa mbali, na hakukuwa na mtu wa kumbeba kila siku. Mambo yakaishia hapo.

Kwenye kitengo hichohicho ndiko ninakojitolea sasa. Nilikwenda kumshikia nafasi mlezi aliyekuwa amejifungua, nikabaki. Nalipwa posho ndogo, ikipatikana. Nakwenda asubuhi, saa nane niko nyumbani.

Kuna binti mmoja pale mwenye sindromu ya Down. Unajua baridi ya Tukuyu. Kila asubuhi alikuwa anasimama mlangoni na sweta mkononi akingoja avalishwe. Nami namvalisha, nikiona ndiyo huruma. Mwalimu wa kitengo akaniambia: mwingize kichwa, mwingize mikono, lakini kuivuta chini mpaka kiunoni mwachie mwenyewe. Akaivuta. Alipozoea, nikamwachia na mkono wa pili, halafu mikono yote miwili, mwisho kichwa. Siku aliyovaa sweta yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, alizunguka darasa zima akijipiga kifua. Nilirudi nyumbani nikamtazama mdogo wangu, nikajiuliza ni mambo mangapi tunamfanyia kwa sababu tu hakuna aliyetuonyesha namna ya kumwachia.

Tangu hapo nataka kusomea elimu maalumu. Mwalimu ameniambia habari za chuo cha Patandi, Arusha.

Baba hataki. Mwaka huu parachichi zimetulipa na ada ipo, lakini anasema ni ya uhasibu, Mbeya mjini. Aliniambia mbele ya mama: "Umefua nepi za mdogo wako tangu ukiwa darasa la tatu. Sasa unataka nikulipie ada ukafue za watoto wa watu?" Mama yeye hapingi kozi, anapinga umbali. Anasema, "Ukienda Arusha, huyu nani ataninyanyulia?" Nikilitazama hilo, naona kama nakwenda kuwahudumia watoto wa wenzangu huku nikimtupa wa kwetu.

Halafu yupo mchumba wangu, kijana wa Vwawa. Yeye hana shida, ila mama yake anauliza kama ukoo wetu una kitu, na anasema nikishinda na watoto hao nitakuja kuzaa kama wao. Mchumba ameniomba nisubiri tufunge ndoa kwanza, ndipo nizungumzie chuo.

Anti, niende au nibaki? Na je, hayo ya kurithi ni kweli?

Binti wa Rungwe

*

Marahaba mwanangu, na pole kwa mzigo. Umeubeba tangu utotoni, na sioni mahali popote katika barua yako uliponung'unika.

Nikikuelewa vizuri, unataka kazi ambayo tayari umeionja na ikakukaa moyoni. Baba ana ada na ana mpango wake. Mama ana mgongo mbovu na mtoto anayezidi kuwa mzito. Mchumba anataka ndoa itangulie. Wewe unaniuliza uende au ubaki, kana kwamba njia ni hizo mbili tu. Uamuzi wa mwisho ni wako na wa nyumbani kwenu, sitauchukua. Ila kuna mambo katika barua yako umeyaweka kama yamekwisha amuliwa, na mimi naona bado hayajaguswa.

La kwanza ndilo lililonigusa zaidi. Umeniambia anachosema baba, anachosema mama, kaka yuko wapi, mchumba anaomba nini, mama mkwe mtarajiwa anahofia nini. Mdogo wako je? Ana miaka 16. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba anaelewa kila kitu, kwamba akikubali anatazama juu na akikataa anafumba macho. Basi anaweza kujibu. Mmeshamwuliza?

Simaanishi umbebeshe uamuzi wako. Namaanisha yeye ni mtu wa nyumba hiyo na safari hii inamgusa kuliko wote. Kaa naye siku ambayo hajachoka na hakuna mpira. Mweleze kwa maneno mafupi: nataka kwenda kusoma, nitakaa muda mrefu, nitakuwa narudi likizo. Kisha mwulize swali moja moja linalojibika kwa ndiyo au hapana, na umpe nafasi ya kutosha kujibu, maana mwili wake unachelewa kuliko akili yake. Unataka kaka akuogeshe akija? Binamu je? Mtu fulani akikulisha unaogopa? Kuogeshwa na dada kwa kijana wa miaka 16 si jambo dogo, mwanangu. Huenda kwa muda mrefu ametamani mwanaume amsaidie bafuni na hakuna aliyefikiria kumwuliza. Huenda pia akafumba macho kwa kila jina utakalomtajia isipokuwa lako, na hapo utakuwa umepata jibu gumu. Lakini utakuwa umelipata kwake, si kwa kumkisia.

La pili ni hili neno "kumtupa". Naomba ulitazame upya. Mpango wa nyumbani kwenu kwa sasa umesimama juu ya mwili wako mmoja. Ukipata malaria, ukiolewa Vwawa, ukijifungua, mpango huo unaanguka hata kama hujawahi kuikanyaga Arusha. Swali la nani atamnyanyua lipo mlangoni iwe utakwenda kusoma au hutakwenda. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa, na hapo kwenu mmekuwa mkijaribu kwa kidole kimoja. Kwanza kilikuwa cha mama, sasa ni chako.

Kwa hiyo kabla ya fomu yoyote, ningependa muitazame kazi yenyewe ya kumhudumia, mjue nani mwingine anaweza kujifunza sehemu gani. Kumnyanyua: mgongo wa mama umeharibika kwa sababu ananyanyua peke yake, ameinama, mtoto akiwa mbali na kifua. Wakiwa wawili, magoti yamekunjwa, mwili wa mtoto ukiwa karibu, au wakimhamisha juu ya shuka nzito iliyoshikwa pande mbili, mzigo unakuwa mwingine kabisa. Kiti: fundi seremala wa hapo hapo Tukuyu, akipewa vipimo na mtu anayejua, anaweza kutengeneza kiti chenye egemeo la kichwa, mkanda wa nyonga na meza mbele. Mtoto akikaa vizuri, hata kula kunabadilika. Na kula kuna hatari ambayo anayeachiwa lazima aijue: asilishwe akiwa amelala wala kichwa kikiwa kimeangalia juu, kwa sababu atapaliwa, na chakula kikienda njia ya hewa kinaleta homa ya mapafu. Akae wima, kidevu kikiwa kimeinama kidogo, kijiko kidogo, ameze ndipo kingine kifuate, na abaki ameketi kama nusu saa baada ya kula.

Dawa za kifafa ndizo zinazonipa wasiwasi kuliko yote. Hazikatwi ghafla, hata akikaa muda mrefu bila kuanguka, kwa sababu kifafa kinaweza kurudi kwa nguvu zaidi. Nani atakumbuka saa? Nani atakwenda kuzichukua kabla hazijaisha? Na kila mtu wa nyumba hiyo, hadi watoto wa jirani, ajue kwamba degedege likimpata analazwa ubavu, vitu vya kumwumiza vinasogezwa, na hawekewi kijiko wala kitambaa mdomoni.

Kama unaweza, fanyeni majaribio. Omba kwenda kwa ndugu kwa majuma kadhaa, mama abaki na huyo mtakayemchagua, nawe usipige simu kila saa. Mtajua mengi ambayo mkutano wa familia hauwezi kuwaambia. Hatari ipo: mambo yakienda vibaya siku za mwanzo, mama atasema "si nilisema?" Kubalianeni mapema kwamba siku za mwanzo huwa mbaya.

Na kuna mlango ambao naona mliufunga wakati ule bila kurudi tena kuugonga. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mdogo wako haki ya kusoma, na Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu hao mwaka 2009. Sheria haimbebi mtoto mgongoni, hilo najua. Lakini kwenye halmashauri yenu kuna Afisa Elimu anayeshughulikia elimu maalumu na kuna Afisa Ustawi wa Jamii. Nendeni na baba, si wewe peke yako; baba akisimama mbele ya meza, maneno yanaandikwa. Ulizeni shule gani ina kitengo na bweni. Kama bweni litapatikana, usilikubali kwa macho ya juu juu. Watoto wasioweza kusema wanaumizwa na kudhalilishwa kirahisi kuliko wenzao, kwa hiyo uliza nani analala nao, nani anawaogesha, wazazi wanaruhusiwa kufika bila taarifa au hadi waombe. Wakikukunjia uso kwa maswali hayo, rudi na mdogo wako.

Tuje kwenye masomo yenyewe. Umetaja Patandi peke yake, nadhani kwa sababu mwalimu wako ndiyo aliyokutajia. Ni chuo cha ualimu wa elimu maalumu, kiko Arumeru, na kwa muda mrefu ndicho kilichotuandalia walimu wa wanafunzi wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili. Ukipita huko, maisha yako yatakuwa darasani: kupanga malengo ya kila mwanafunzi, kupasua kazi moja katika hatua ndogo kama ulivyofanya na ile sweta, kuandika maendeleo, kukaa na wazazi. Hiyo huenda ndiyo hasa unayoitaka.

Lakini nisikilize tena ulivyoandika. Ulipotoka kwenye sweta ulikwenda moja kwa moja kwenye mwili wa mdogo wako. Kuna watu ambao kazi yao ni hiyo: mikono iliyokaza, kukaa, kula, kuvaa, kutengeneza kifaa cha kumwezesha mtu ashike kijiko chake. Inaitwa tiba kazi, na hospitali ya rufaa ya KCMC pale Moshi wanaifundisha kwa ngazi ya stashahada. Kikwazo ni kwamba kozi za afya huwa zinadai ufaulu wa kidato cha nne katika baiolojia, kemia na fizikia, na wewe ulikwenda HGL. Tazama cheti chako kabla hujaipenda. Mikoa yetu ina wataalamu hao wachache mno, na ukipita kituo cha Inuka kule Wanging'ombe, mkoani Njombe, utaona tofauti wanayoleta kwa watoto ambao majirani walikwisha kukata tamaa nao.

Kama umbali ndio mfupa, yapo yaliyo karibu. Chuo Kikuu Huria kina kituo Mbeya na kina shahada ya elimu upande wa elimu maalumu; ungeweza kusoma ukiwa nyumbani na kuendelea na kitengo chako. Usidhani ni rahisi kwa kuwa ni karibu. Kusoma peke yako usiku, umetoka kitengoni, umemlisha, umemgeuza, ndiko kunakowaangusha wengi, na nyumbani wakikuona upo hawatakuhesabu kama uko chuoni. Vyuo vya maendeleo ya jamii vya Uyole na Rungemba navyo si mbali kama Arusha, ila huko utatoka kuwa mtu wa jamii nzima: vikundi, kaya, mikopo ya halmashauri. Watu wenye ulemavu watakuwa sehemu ya kazi yako, si kazi yako yote. Wapo wanaoipenda hivyo.

Chochote utakachochagua, hakikisha chuo kimesajiliwa NACTVET, baraza la vyuo vya ufundi, au TCU, tume ya vyuo vikuu, kama ni shahada, na usome mwongozo wa udahili wa mwaka husika mwenyewe badala ya kutegemea kijana wa stendi anayegawa vipeperushi. Kila msimu wa matokeo wanatokea watu wa "kozi fupi ya elimu maalumu, ajira uhakika", wanachukua ada za wakulima na kuwaachia watoto wao karatasi isiyotambulika popote.

Nikwambie na jambo lingine ambalo naona hujalifikiria. Barua nzima unasema "watoto". Watoto hao wanakua. Binti wa sweta atakuwa mwanamke; atataka hela yake, rafiki zake, pengine mume. Nani anamfundisha kuhesabu chenji, kupanda bajaji, kumkatalia mtu anayemshika vibaya? Sheria hiyohiyo ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu. Asilimia hiyo haijazwi na karatasi. Lazima awepo mtu wa kumwandaa mfanyakazi na kuiandaa karakana. Siku ukifika Iringa mjini, pita Neema Crafts, ambako tangu 2003 watu wenye ulemavu ndio mafundi wenyewe. Angalia kazi, kisha waangalie na wanaowasaidia wanavyosimama pembeni. Mafunzo unayoyatafuta yanaweza kukupeleka hata huko, na mimi naona upande huo wa watu wazima ndio uliosahaulika zaidi katika nchi yetu.

Sasa baba. Ile kauli ya nepi ni kali, na najua ilikuuma. Lakini isikilize tena: anakumbuka ulikuwa darasa la ngapi ulipoanza kufua. Mzazi asiyejali hakumbuki hivyo. Inawezekana kabisa anajaribu kukutoa mahali ambapo anaona alikuwekea mzigo usio wako. Na hofu yake ya ajira si ya kupuuzwa. Walimu waliomaliza vyuo na wanaendesha bodaboda anawaona kila siku. Walimu wa elimu maalumu wanahitajika sana, lakini kuhitajika si kuajiriwa. Vibali vya serikali vina msimu wake, na kwenye vituo vinavyotegemea wafadhili, mfadhili akiondoka na mshahara unaondoka. Mwaka wa kukaa bila kazi baada ya chuo unaweza kuwepo, na lazima uuhesabu.

Badala ya kumwambia "napenda", mpelekee karatasi: kozi, chuo, ada ya mwaka, nauli, chakula, kazi zinazowezekana baadaye, na nani atakuwa na mdogo wako siku gani. Mwite kaka aje toka Tunduma awepo siku hiyo, kwa sababu na yeye ana mikono miwili na hajaulizwa kitu. Mwulize baba pia maswali: kwa nini uhasibu? Amemwona nani? Pengine ana jibu zuri ambalo hujalisikia kwa sababu nyote mlikuwa mnapaza sauti.

Kuna swali moja ningependa ukae nalo peke yako, bila baba wala mama. Je, kazi hii ungeichagua hata kama mdogo wako angezaliwa mzima? Sikuulizi ili nikukatishe tamaa. Wengi walio bora katika kazi hii walianzia nyumbani kama wewe. Ila aliyeingia kwa kudhani anamlipa ndugu yake deni huwa anajichosha mpaka anaugua, kwa sababu deni hilo halina stakabadhi ya mwisho. Aliyeingia kwa sababu kazi yenyewe inampendeza anaweza kulala saa tatu usiku na kesho akarudi. Kwa namna ulivyoielezea ile sweta, hatua kwa hatua, mimi nahisi ulipendezwa na kazi yenyewe. Lakini wewe ndiye unayejijua.

La mchumba nitalisema kwa kifupi. Kwa ulivyoeleza mdogo wako alivyozaliwa, uchungu mrefu na mtoto asiyelia, mtindio wa ubongo wa namna hiyo kwa kawaida unatokana na ubongo kukosa hewa, na haurithiwi. Sindromu ya Down nayo mara nyingi sana haitoki kwenye ukoo. Ni kromosomu moja ya ziada inayokuwepo tangu mimba inapotungwa. Zipo hali nyingine zinazorithiwa, ndiyo maana ukiwa na wasiwasi unamwuliza daktari, na siku ukibeba mimba unahudhuria kliniki mapema na kujifungulia hospitali. Ila kushinda na watoto hawa hakumbadilishi mtoto wa mtu tumboni, na kwa hilo mama mkwe awe na amani. Kama kijana yuko tayari, aje akae siku nzima kwenye kitengo chako, na jioni akusaidie kumlisha mdogo wako. Halafu mzungumze kuhusu lipi litangulie, ndoa au chuo. Huenda mnaweza kuvipanga vyote viwili. Huenda pia utagundua kwamba "subiri" yake haina tarehe.

Wakati mnaendelea kuongea, vyeti vyako vya kidato cha nne na cha sita viwe tayari, na cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi, maana ukiamua kwenda shahada utakihitaji kwa ajili ya kuomba mkopo HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Kwa stashahada, mkopo upo kwa baadhi ya kozi tu, kwa hiyo usimwahidi baba kabla hujasoma orodha ya mwaka huu. Na mwombe mwalimu wako wa kitengo akuandikie barua ya utambulisho inayoeleza kazi uliyofanya pale. Mwambie aandike na habari ya sweta.